Mume wa Bibi

Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza kuziondoa noti za zamani kwenye mzunguko, zile za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na mia tano ya karatasi ya 2010, watu wengi walicheka. Nani bado ana noti ya mwaka 1985? Kwetu hakucheka mtu. Sisi tuna Bibi.

Bibi anakaa Amani, kule juu milimani Muheza, analima iliki na pilipili manga. Tangu nimjue, fedha zake hulala kwenye sanduku la bati uvunguni, chini ya kanga mpya ambazo hakuna ruhusa ya kuzigusa. Mwisho wa kubadilisha ilikuwa Aprili 5, 2025. Kundi la WhatsApp la ukoo likakaa kikao, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeko Tanga mjini, nikapewa kazi mbili: zile noti zifike benki, na zikishafika zisirudi tena uvunguni. Afunguliwe akaunti. Mjomba wa Dar alituma ujumbe wa sauti mrefu kuhusu faida za kuweka akiba. Nauli hakutuma.

Nilipofika, Bibi alifungua sanduku mwenyewe. Kulikuwa na noti za elfu kumi zenye kichwa cha twiga, mia mbili zenye sura ya Mzee Mwinyi, na ishirini za karatasi ambazo leo hazinunui hata pipi. Ishirini moja akaichomoa, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Hii alinihonga babu yako. Benki haiwahusu."

Usiku ule nikamweleza habari za akaunti, maana nilikuwa nimeulizia kabla. Ipo ya muda maalumu: riba yake inavutia, ila fedha zinafungiwa mpaka muda uishe.

"Mwaka mzima?" akauliza. "Na nikifa Machi?"

Nikamwambia basi ipo ya akiba ya kawaida, riba yake ndogo, lakini unachukua siku yoyote unayotaka. Cha kuangalia ni makato ya mwezi na gharama za kutoa. Nikamwambia pia kwamba riba yenyewe hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo Serikali nayo ina mkono kwenye sanduku langu." Nikamtuliza kwamba hata benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inalinda mpaka shilingi milioni 7.5 kwa mteja. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, kwa sababu mpaka dakika hiyo hakuwa anajua kama benki inaweza kufilisika.

Mambo ya kuweka kwenye simu hatukuyajadili hata. Bibi ana kitochi, na akienda kwa wakala wa pale kijijini humtajia namba yake ya siri kwa sauti, wakala amwandikie. Foleni nzima inaijua. Yeye alitaka tawi, jengo lenye mlango na mtu wa kuulizwa.

Asubuhi tukashuka Muheza kwa basi. Ni lazima niseme kwamba Bibi, kama bibi wengi wa kwetu, haniiti jina. Huniita mume wangu. "Mume wangu, shika sanduku." "Mume wangu, mwambie konda apunguze muziki." Basi zima likatuzoea.

Benki ya kwanza ndiyo niliyokuwa nimeichagua mimi, haina makato ya mwezi. Bibi aliingia akasema hamjambo, watu wote wakaendelea kutazama simu zao, na mlinzi akamwonyesha foleni kwa kidole. Akageuka pale pale mlangoni. Nikamkimbilia namweleza habari za makato. "Mtu asiyeitikia salamu, ukimdai hela ataitika?"

Benki ya pili, binti wa huduma kwa wateja alisimama kabisa. "Shikamoo Bibi." Akamvutia na kiti. Bibi akakaa, akaweka sanduku mapajani, akaniambia, "Mume wangu, ni hapa hapa." Mimi hata gharama za kufungulia sikuwahi kuuliza.

Kasheshe ikaanza. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Binti akasoma, "Bibi, umezaliwa Julai mosi 1946."

"Nani amekwambia?"

"Kitambulisho chako, Bibi."

"Kilikuwepo?"

Zikaja alama za vidole. Mashine ikakataa dole gumba la kulia, ikakataa la kushoto, ikakataa cha shahada. Vidole vya mtu aliyeshika jembe na kupukuchua pilipili manga maisha yake yote vimekuwa laini kama kijiko. Vikapanguswa kwa kitambaa, vikapakwa mafuta, vikapanguswa tena. Mlinzi akaja na wazo la maji ya moto. Mteja mmoja wa foleni akashauri aombewe. Mwisho kikakubali kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na watu wakapiga makofi.

Katikati ya hayo nilitumwa duka la jirani kutoa kopi ya kitambulisho. Niliporudi, yule binti alinitazama jicho ambalo sikulielewa, nusu huruma, nusu heshima. "Karibu baba, saini hapa," akasema. Baba! Nina miaka thelathini na kidogo. Nikadhani ni adabu za Tanga.

Noti zikahesabiwa, zikaingizwa, risiti ikatoka. Kadi ya ATM Bibi aliikataa. Aliipinda kidogo kwa vidole akauliza kama kitu chembamba vile kinaweza kubeba iliki za miaka yote. Risiti akaikunja vizuri, akairudisha dirishani.

"Sasa nipe."

"Kiasi gani, Bibi?"

"Zote. Si mlisema nachukua nikitaka? Nimetaka."

Mtunza fedha akanitazama, mimi nikatazama feni. Akazitoa, mpya, zinang'aa. Bibi akazipekua moja moja. "Hizi si zangu. Zangu zina twiga."

Akaelezwa taratibu kwamba za twiga ndizo zinazoondolewa, zinakwenda Benki Kuu na hazirudi tena mtaani, ila thamani yake ndiyo hii, haijapungua hata shilingi. Bibi akageukia foleni kutafuta mashahidi. "Nimekaa nazo miaka thelathini hazijapotea hata moja. Hawa wamekaa nazo dakika tano, zote hazipo!" Foleni, ambayo sasa ilifika mlangoni, ikamuunga mkono, hasa mzee mmoja aliyekuwa na mfuko wake wa nailoni, nilimwona akiukumbatia vizuri zaidi. Bibi alipohakikisha hesabu imetimia, akaziweka upya. Gharama za kutoa zikakatwa, na hilo namshukuru Mungu hakuliona kwenye risiti.

Nilirudi Tanga nikajua yamekwisha. Jioni moja niko bafuni, simu yangu ikaita sebuleni, mke wangu akapokea. Nikasikia kimya, halafu, "Mume wa nani?"

Nilitoka na povu la sabuni masikioni. Mke wangu alikuwa ameishika simu kwa ncha za vidole. Ilikuwa ni benki, wanahakiki taarifa za wateja wapya: kwenye fomu, sehemu ya mtu wa karibu, nimeandikwa mume. Nikamweleza dada wa watu kwamba mimi ni mjukuu. Akajibu kwa upole kwamba kurekebisha inawezekana, ila lazima mteja mwenyewe afike tawini akanushe.

Mke wangu akampigia Bibi hapo hapo, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo Bibi. Eti huyu ni mume wako?"

"Marahaba mke mwenzangu. Hayo umeyajua leo? Mimi ndiye mke mkubwa."

"Haya, dada mkubwa. Sasa mume wetu anadaiwa ada ya watoto, na nasikia una akaunti..."

"Haloo?" akasema Bibi. "Haloo? Mbona sikusikii?" Na simu ikakatika.