Nafasi Iliyo Mbele ya Lori

Leo asubuhi, kwenye barabara kuu ya A9 karibu na Ingolstadt, gari dogo lililichomekea lori langu likiwahi njia ya kutokea, likakaa kati yangu na lori lililonitangulia kana kwamba nafasi ile nilikuwa nimelitunzia lenyewe. Nilisonya, nikapunguza mwendo hadi nafasi ikarudi, kwa sababu sheria ya Ujerumani inalitaka lori la zaidi ya tani 3.5, likizidi kilomita 50 kwa saa kwenye barabara kuu, liache angalau mita 50 mbele yake. Nguzo fupi nyeupe za pembeni zimesimikwa kila baada ya mita 50, hivyo hata asiyependa hesabu hana kisingizio, na anayekamatwa hulipa yuro 80 na kuandikiwa pointi moja.

Ni kwenye barabara hii hii, kati ya Munich na Nürnberg, ambako kuanzia Juni 2018 kampuni za MAN, waunda malori, na DB Schenker, wasafirishaji wa mizigo, zilijaribu misafara ya malori mawili mawili yaliyounganishwa kwa mawasiliano ya kielektroniki, yakiwa yamebeba mizigo ya kawaida ya wateja. La mbele lilipofunga breki, la nyuma nalo lilifunga karibu papo hapo, bila kungoja jicho la dereva lione na mguu wake utii, na kwa ajili hiyo mita 50 ziliweza kushushwa hadi 15 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mita 15 humalizika kabla sekunde moja haijatimia. Madereva wote wawili walikuwamo kwenye viti vyao, na gari dogo likichomekea katikati, malori yaliachiana.

Nilipomsimulia shemeji yangu, ambaye huendesha malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, alicheka sana. "Shemeji," akasema, "hiyo ndiyo teknolojia ya kuniamshia usiku? Sisi mlima wa Kitonga tunaupanda tumefuatana mkia kwa mdomo kila siku, na hakuna Mjerumani aliyetuunganisha."

Nakiri kwamba kicheko chake kina haki yake. Dereva wa lori wa kwetu, akiwa mbele yako kwenye kona usiyoiona, hukuwashia taa ya kulia kukuonya usipite na ya kushoto kukuruhusu, naye hajawahi kukuona wala hatakudai chochote. Akiharibikiwa, hukata matawi na kuyapanga barabarani ili upate habari mapema. Lengo lake ni lile lile la mitambo ya MAN: aliye nyuma ajue yanayotokea mbele kabla hajayafikia. Mimi hujivunia jambo hilo mbele ya wenzangu wa hapa, ambao wengi wao hawajui lolote kuhusu lori lililo mbele yao isipokuwa namba zake.

Lakini shemeji anaponiambia kwamba sisi tumewatangulia, hapo uvumilivu wangu hufika mwisho. Usione vyaelea, vimeundwa. Wenzetu walipopunguza mita 35 walizilipia kwa rada, kwa redio, kwa ukaguzi wa magari na kwa kibali maalumu cha barabara moja iliyotajwa, na kanuni ya msingi ya msafara ni kwamba lori la nyuma lisizidiwe nguvu ya breki na la mbele. Sisi tumezipunguza hadi mita tano bila kulipia chochote, tukiwa na breki za upepo zilizorekebishwa chini ya mwembe na trela ambalo dereva mwenyewe hajui lilikaguliwa lini. Na ukijaribu kuacha nafasi, basi la mikoani linaijaza, kisha unapigiwa honi kwa kuchelewesha watu.

Najua nitaambiwa kwamba nimelewa Ulaya na kwamba nimesahau vumbi lililonilea. Anayesema hivyo anione basi nikikubali pia kwamba Ulaya yenyewe imesitasita. Jaribio la A9 lilionyesha kwamba mafuta yaliyookolewa ni asilimia 3 hadi 4 tu, na Januari 2019 Daimler, waunda malori wengine wa Ujerumani, ilitangaza kuiacha kazi ya misafara kwa kuwa faida yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo sidai mitambo hiyo iletwe Chalinze. Ninachodai ni zile mita 50 za kawaida, ambazo hazihitaji kompyuta.

Mwingine atasema barabara yetu ni ya njia mbili na ukiacha mita 50 hutafika. Lori la Congo linalolala foleni kwenye mizani na mpakani halicheleweshwi na mita 50. Mwingine atasema trafiki hawana vifaa. Tochi wanazo, hata vichakani, na hapa wanaopima umbali husimama tu na kamera juu ya madaraja ya barabara. Na kama nchi nzima ni kubwa mno, basi tuanzie Kitonga peke yake, maana lori linaloshindwa kupanda pale hurudi nyuma, na aliye mita tano nyuma yake ana mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili.