Nani amekaa naye?

Binti yangu alitimiza miaka 18 mwaka jana. Keki niliagiza kwa jirani anayeoka nyumbani, ya orofa mbili, rangi ya zambarau kama alivyotaka mwenyewe. Wenzake walimvizia uani wakammwagia ndoo ya maji, kisha unga wa ngano, kisha maji tena, akapiga makelele mpaka watu wakachungulia dirishani. Tuliimba, tukalishana keki, tukapiga picha. Wageni walipoondoka, mama yangu, ambaye jioni nzima alikuwa amekaa mkekani upenuni na kipande chake cha keki hajakigusa, akaniuliza: "Haya. Na nani amekaa naye?"

Nikamtajia rafiki wa shule aliyekaa pembeni yake mezani. Mama akatikisa kichwa. "Sisemi kiti, mwanangu. Nauliza nani amekaa naye akamwambia."

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekaa naye. Mimi nilishughulika na keki.

Mama yangu hana siku ya kuzaliwa. Kitambulisho chake kina tarehe, lakini hiyo ilijazwa siku ya kuandikishwa kwa sababu fomu ilitaka tarehe. Anachojua ni kwamba alizaliwa Tanga, mwaka ambao nzige walikula mahindi yote. Wazee wetu wengi wako hivyo. Mmoja alizaliwa mwaka wa njaa, mwingine wakati wa vita vya Mjerumani, mwingine mvua ilipobomoa daraja. Hata leo, kati ya ndugu zetu wa Kongo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, wapo wengi ambao makaratasi yao yanasema 1 Januari, familia nzima tarehe moja, kwa kuwa kila fomu inataka tarehe.

Lakini muulize mama alichezwa unyago lini, yaani alifundwa lini kuwa mtu mzima. Hapo hakosei. Anakumbuka siku alizokaa ndani, jina la kungwi wake aliyemfunda, kanga aliyovikwa siku ya kutolewa nje, na maneno aliyoambiwa ambayo mengine mpaka leo hataki kunitajia. Kwake umri ulianzia siku hiyo, siku mtu mzima alipokaa naye.

Namfikiria Bi Kidude wa Zanzibar. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, ulimwengu mzima ulikuwa unambishania umri, kwa sababu hakuna aliyejua alizaliwa lini. Mwenyewe alikuwa akisema ni zamani za rupia, kabla ya vita vya kwanza. Watu wa nje walimjua kwa taarabu. Unguja walimjua pia kwa unyago, bibi anayepiga ngoma na kuwafunda wanawali. Mtu asiye na siku ya kuzaliwa aliwavusha mabinti wengi kutoka utoto kwenda utu uzima. Sisi tuna vyeti vya kuzaliwa, tena tunavihifadhi kwenye mifuko ya nailoni visilowe, na watoto wetu tunawavusha kwa wimbo wa dakika moja na mshumaa.

Siichukii keki. Mtoto kufurahiwa ni haki yake, na wapo watoto wengi ambao hawajawahi kusikia mtu akisema amefurahi kwamba walizaliwa. Ninachosema ni kwamba tumeichukua sherehe ya watu bila maneno yake, na yetu tukaitupa pamoja na maneno yake. Pwani tunajua jinsi siku ya kuzaliwa inavyoweza kubeba maneno. Nenda Lamu wakati wa Maulidi. Kinachofanyika pale ni kusoma. Habari za kuzaliwa kwa Mtume zinasomwa kwa sauti, na msomaji anapofika kwenye kuzaliwa kwenyewe watu wote wanasimama. Babu kasimama, mjukuu kasimama. Mtoto aliyekulia pale anajua tangu mdogo kwamba kuzaliwa kuna kisa, na kisa kinasimuliwa mbele ya watu.

Nilipotafuta jibu la swali la mama, nilijikuta kwenye vitabu, na kwenye vitabu nilikutana na mabinti watatu.

Wa kwanza ni Mwana Hashima. Mama yake, Mwana Kupona binti Msham, alimtungia utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Beti za mwanzo nilizisoma shuleni bila kuzisikia. Safari hii zilinishika:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Mwaka mzima mgonjwa, na kinachomuuma ni kwamba hajapata kutamka neno jema kwa mwanawe. Kisha anamwita asogee na wino na karatasi, kwa sababu ana habari moyoni anayotaka kumwambia. Mengi anayomfundisha kuhusu kumtumikia mume mimi siyakubali, wala sitamsomea binti yangu kama amri. Hilo nalisema wazi. Lakini ule mwito wa kukaa chini, wa kukubali kwamba mzazi ana deni la maneno na kifo kinaweza kutangulia, huo naukubali wote.

Wa pili ni Mwanjaa, binti wa Shaaban Robert. Mzee wetu huyu, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume, Hussein, akamwandikia Utenzi wa Adili. Mama yao, Amina, alikuwa amefariki. Kila ninapousoma ule wa Mwanjaa namwona mwanamume mjane anayejaribu kusema yale ambayo kwa kawaida yangesemwa na kungwi, shangazi na bibi. Hakusema kwamba haya ni mambo ya wanawake. Alikaa naye.

Wa tatu ni Rosa, na huyu ni wa kubuni, ingawa kwangu ni hai kuliko wote. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria, mlevi wa kijiji cha Namagondo huko Ukerewe. Baba anakuta barua ya mvulana aitwaye Charles, na jibu lake ni kipigo. Baada ya hapo ni kulindwa: asisimame na mvulana, asicheke na mvulana, asithubutu. Analindwa kila upande, na katika ulinzi wote huo hakuna anayemkalisha chini amweleze mwili wake, hamu, hila za wanaume, wala thamani yake mwenyewe. Anapotoka pale nyumbani kwenda shule, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, hana chochote mkononi. Mwisho wake ni mauti.

Wapo wanaosoma riwaya ile kama onyo dhidi ya msichana kulegea. Mimi nasoma onyo dhidi ya baba. Na naona uchungu wa pekee katika jambo hili: kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Hadithi ya binti aliyeangamia kwa kutoambiwa, tukawaficha mabinti wasiisome.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa ninataka kuturudisha nyuma, kwenye visu na ndoa za utotoni. Hofu hiyo naiheshimu kwa sababu ina makaburi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake ya 1965 kuhusu miinuko miwili inayotazamana ng'ambo ya mto, alimwandika Muthoni, binti wa mchungaji anayetoroka kwenda kutahiriwa ili awe mwanamke kamili kama wenzake, na kidonda kinamuua. Muthoni hakuwa mjinga. Alikuwa na kiu ya kuvushwa, ya kuitwa mtu mzima na watu wake, na njia iliyokuwepo ilikuwa na kisu.

Na unyago wenyewe, tuseme kweli, mara nyingi ulikuwa mlango wa ndoa. Mtoto akivunja ungo anahesabiwa mwanamke, na mwanamke anahesabiwa mke. Ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa naipenda kuliko inavyoweza kuonekana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa Tanzania iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18, na mahakama ingeweza kuidhinisha hata wa 14. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi huo. Kwa hiyo namba 18 kwenye cheti ni ngao. Binti asiye na tarehe ni rahisi kuongezewa miaka na anayemtaka.

Ila ngao haifundishi. Inazuia mkuki, kisha inanyamaza. Na huko Tharaka, Kenya, akina mama walionyesha kwamba si lazima tuchague kimoja. Mwaka 1996 familia kadhaa ziliwapitisha mabinti zao katika sherehe waliyoiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Mabinti walikaa ndani kama zamani, wakafundishwa, kisha wakatolewa nje kwa ngoma na furaha ya kijiji. Kisu hakikuwepo. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nililia, kwa kuwa ilikuwa sahili hivyo. Waliona kipi kinaua na kipi kinaponya, wakavitenganisha.

Wavulana tumewaacha vibaya zaidi. Wabukusu bado wana Agosti zao za miaka shufwa, na mwanamume wa kule akikutajia rika lake unajua alitahiriwa enzi gani na nani ni wenzake. Wachaga na Wakristo wengine wana kipaimara, ambacho angalau kina mafundisho kabla ya pilau. Lakini kijana wa mjini, kama wangu wa miaka 15? Alitahiriwa hospitali akiwa mchanga, jambo jema kwa afya na usafi. Kumbi la jando halijui. Hakuna ngariba wala kungwi wala mjomba aliyemwambia kwamba nguvu za mwili wake zina dhamana. Anachojua kuhusu uanaume amekipata kwenye simu, kutoka kwa watu wasiomjua wala kumpenda. Nimeshamwambia kaka yangu, mjomba wake, ajiandae. Akaniuliza aseme nini. Nikampa ule utenzi wa Hussein aanzie hapo.

Wiki mbili baada ya ile sherehe, Jumapili alasiri, mama alitandika mkeka chumbani kwake, akajifunga kanga vizuri, akamwita mjukuu wake. Na mimi akaniita. Binti yangu akauliza kama anaweza kurekodi kwenye simu, asije akasahau. Mama akakataa. "Lete daftari," akasema. Likaja daftari la kemia, likageuzwa nyuma kwenye kurasa nyeupe.

Alianza na habari za nzige. Akasema alivyozaliwa yeye, kisha nilivyozaliwa mimi, kisha usiku ambao binti yangu alizaliwa na mimi nikapoteza damu nyingi mpaka shangazi zangu wakaanza kunong'onezana, jambo ambalo mtoto hakuwahi kulijua. Kalamu ilisimama. Binti yangu akanitazama kwa muda mrefu. Halafu mama akaniambia niende nikainjike chai, na nisirudi mpaka niitwe.

Nilikwenda. Nilisikia kicheko, kisha kimya kirefu, kisha sauti ya binti yangu, ya chini kabisa, ikimuuliza bibi yake swali ambalo hajawahi kuniuliza mimi. Nikapunguza moto ili chai ichelewe kuchemka.