Nione Kidogo

Mimi mwenzenu nina darubini. Si ile ya maabara ya kuchungulia vijidudu, wala lile bomba refu la wataalamu wa nyota. Ni hii ya macho mawili, ya kuning'iniza shingoni na kuangalia ndege. Nasema ninayo, lakini ukweli ni kwamba mimi ni mlinzi wake tu. Wenyewe wapo.

Nilidhani nanunua kifaa cha kuvuta vitu vya mbali. Kumbe kinavuta watu! Miaka yote niliyotazama ndege kwa macho matupu hakuna aliyejali. Siku nilipoitundika shingoni tu, wakaibuka. Mtu ambaye hajawahi kumtazama ndege hata mmoja kwa hiari yake anakuja mbio, mkono umeshanyooka: "Hebu nione kidogo."

Kidogo! Hilo neno lingekuwa na aibu lingejificha.

Nieleze kwanza uchungu wangu unapoanzia. Macho yangu si mapacha, la kulia limechoka kuliko la kushoto. Waliotengeneza darubini walilijua hilo, wakaweka pete kwenye lenzi ya jicho la kulia. Kuipanga kunataka utulivu. Unatafuta kitu cha mbali kisichotembea, kibao chenye maandishi ndicho kizuri. Unafumba jicho la kulia, unazungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lisome vizuri. Halafu unafumba la kushoto, na sasa gurudumu huligusi tena hata likikuwasha mkono; unazungusha ile pete peke yake mpaka la kulia nalo lisome. Basi, umemaliza. Kuanzia hapo ni gurudumu la katikati tu. Mimi nilitumia nusu saa nzima, uso umekunjamana kama nimelamba ndimu.

Shemeji alitumia sekunde nne. Kwake yeye kila kinachozunguka ni bomba la maji, lazima kifunguliwe mpaka mwisho. Akazungusha gurudumu, akazungusha pete, akaikunja bawaba ya katikati mpaka mapipa mawili yakagongana, kana kwamba macho yake yote yako juu ya pua. Kisha akanirudishia pamoja na hukumu: "Mbona hii yako haioni?"

Haioni! Na iliona mpaka ulipofika wewe.

Baada yake akaja shangazi, mvaaji wa miwani. Akailaza miwani kwenye paji la uso, akachungulia, akasema anaona shimo dogo kama la ufunguo. Nikamwambia, shangazi, vaa miwani yako, nami nitavisokota hivi vikombe vya mpira vishuke ili macho yasogee karibu na lenzi. Akavaa, nikasokota. Akanyamaza muda mrefu. Mimi nangoja aseme kitu kuhusu ndege. Akasema: "Lile bati la jirani limeoza."

Na huyo jirani naye. Ndege wana miti yote ya dunia hii, lakini aliye mzuri kupita wote atatua juu ya dirisha la bafu la mtu, atulie pale, ajichane manyoya taratibu. Sasa mwanamume mzima umesimama uani, darubini usoni, mdomo wazi, unaelekea bafuni kwa watu. Jieleze! Siku hizi nikiishika namsalimia jirani kwanza, kwa sauti kubwa, hata kama hayupo.

Halafu kuna kundi la wenye mahesabu. "Inavuta mara ngapi?" Nane. "Nane tu? Simu yangu inavuta mara mia." Sawa, simu yako ikifika mia inakuonyesha chengachenga, ndege anakuwa vipande vya matofali. Kwenye darubini yangu kumeandikwa 8x42. Nane maana yake ndege aliye mita 80 unamwona kama yuko mita 10. Hiyo 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, mlango wa mwanga. Gawanya 42 kwa 8 unapata milimita 5 na ushee, ndio upana wa mwanga unaotoka kuingia jichoni. Ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 inakupa 2.5, na jua likizama unabaki na giza lililokuzwa mara 10. Isitoshe, ukizidi kuvuta unavuta na mtetemeko wa mikono yako. Zaidi ya 10 bila kigoda cha kuegemeza, hata mapigo ya moyo unayaona yakimrusharusha ndege.

Ila mpwa wangu ndiye aliyenitoa machozi. Aliona vumbi kwenye lenzi, akataka kunisaidia. Akavuta ncha ya shati, akahemea "haaa", akasugua. Nilisikia. Narudia, nilisikia: krii. Vumbi ni vichanga, jamani! Ule mng'ao wa kijani na zambarau juu ya lenzi ni utando mwembamba sana wa kupitisha mwanga, na kijana anaupiga msasa huku akitabasamu. Vumbi linapulizwa kwanza kwa kile kipira cha mkono, linafuatiwa na brashi laini, na kitambaa safi cha miwani huja mwisho, tena kwa kubembeleza. Shati halimo kwenye orodha hata likiwa la harusi.

Mama watoto yeye aliona vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu kwenye mkoba wa darubini, akavitupa akidhani takataka. Kuvu wanapenda giza na unyevu, na wakishaota ndani ya lenzi, shati la mpwa halifiki huko. Nikaokota vyote kwenye pipa. Sitaki kulizungumzia.

Na jua! Aliyeniuliza kama anaweza kulitazama jua "kidogo" nilimpokonya kabla hajamaliza sentensi. Hapo hakuna utani, hata sekunde moja, jicho linaungua moja kwa moja.

Sasa nikiri la kwangu. Darubini ya kwanza niliidondosha mwenyewe. Niliiacha ukingoni mwa meza, mkanda unaning'inia, nikapita na goti. Kwa nje haikuwa na hata mkwaruzo, nikashukuru. Kesho yake naona kunguru wawili kwenye tawi, wanafanana ajabu, huyu akijikuna na yule anajikuna, bega lilelile. Nikaandika kwenye daftari: wawili, huenda ni ndugu. Kichwa kikaanza kuniuma, nikasingizia jua. Usiku nikatazama juu, nikaona miezi miwili.

Ndani mle kuna prizimu, vipande vya kioo vinavyogeuza taswira isimame wima. Bila hivyo ndege wote wangetembea kichwa chini. Zile darubini pana za mabega zinafuata mpangilio wa Mwitaliano Ignazio Porro, aliyeupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1854. Kipande kimoja kikihama kidogo tu, kila jicho linaangalia kwake. Hapo nilitafuta wa kumlaumu nyumba nzima, na nilikuwa peke yangu.

Juzi usiku walipolala wote, nikaitoa hii mpya. Nikapanga pete yangu upya, nikaegemeza viwiko ukutani, nikailenga sayari ya Mshtarii. Ikatulia. Pembeni yake nukta tatu za mwanga, zimejipanga mstari kama shanga. Miezi yake! Galileo, yule mtazama nyota wa Italia, aliiona Januari 1610, mikubwa minne. Mmoja naona ulikuwa umejificha. Nilipata baridi ya mgongo. Nikakimbilia ndani, nikamtikisa mama watoto bega:

"Amka, njoo uone kidogo!"

Akavuta shuka mpaka kichwani. "Kidogo yako naijua," akasema. "Zima taa."