Agua fresca ni maji jamani, siyo uji wa matunda

Kuna kitu kinanikera muda sasa, leo ngoja nikiseme. Kila nikiingia mtandaoni naona watu wetu wanaposti "agua fresca ya tikiti", video nzuri, glasi nzuri, halafu ukiangalia kinachomiminwa ni kizito kama uji wa mtoto, tikiti zima limesagwa bila hata tone la maji na sukari inamwagwa kikombe kizima kama mtu anatengeneza shira ya visheti. Tamu inawezekana ikawa tamu, sikatai. Ila agua fresca, hiki kinywaji cha Wameksiko, siyo hiyo. Agua kwa Kihispania ni maji. Jina lenyewe linaanza na maji, sasa nyie maji mmeyapeleka wapi?

Mi nakaa Houston, Texas. Wameksiko hapa ni wengi kweli kweli, na Texas yenyewe ilikuwa sehemu ya Mexico mpaka 1836, kwa hiyo chakula chao hapa kipo kwao, hakijaja kutembea. Na joto la huku mwezi wa saba na wa nane watu wa Dar mtalielewa, ni lile joto zito lenye unyevu, unatoka kuoga unatokwa jasho kabla hujavaa shati. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghalani, kiyoyozi hakuna, mafeni tu yanazungusha hewa ya moto, na saa sita mchana mama mmoja tuliyekuwa naye shifti moja, kwao Oaxaca kusini mwa Mexico, alikuwa anafungua dumu lake la maji mekundu anatumiminia sisi wote tuliokaa pale. Mara ya kwanza nilidhani ni sharubati ya rangi ya dukani. Nikaonja, nikanyamaza kidogo, maana ile ladha naijua. Choya! Yaani choya ile ile, wengine mnaita rozela, ile tuliyokuwa tunakunywa Dodoma kwa bibi.

Wao wanaiita agua de jamaica, inatamkwa hamaika. Na siku hiyo ndo nilianza kufuatilia haya mambo maana nilijiuliza choya imefikaje huku. Kumbe huu mmea asili yake ni Afrika, Wasenegali wanakunywa wanaita bissap, Wasudani na Wamisri wanaita karkade, na Mexico wanaulima hasa jimbo la Guerrero, ile ya Acapulco, lakini hauwatoshi, wananunua maua makavu nje na Nigeria ni moja ya nchi zinazowauzia kwa wingi. Fikiria hilo. Mtu yuko Mexico City anakunywa kinywaji anachokiona ni cha kwao kabisa na ua limetoka kaskazini mwa Nigeria. Na ukwaju ni hivyo hivyo. Agua de tamarindo ni moja ya zile wanazozipenda sana, na mti wa ukwaju ni wetu, wa Afrika, hilo jina tamarindo lenyewe limetokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya India, kwa sababu Waarabu waliujulia kwa Wahindi. Umezunguka dunia nzima ukapewa jina la India ukaishia kwenye jagi la Mexico, na sisi tuliokuwa nao nyuma ya nyumba tukikaribisha mgeni tunamtuma mtoto soda.

Turudi kwenye maji. Nilipojaribu mwenyewe nyumbani nilifanya kosa hilo hilo ninalolisema, nikasaga tikiti, nikajaza jagi, nikampelekea yule mama kazini kwa furaha zote. Akaonja, akasema nzuri, lakini hii ni jugo. Akanieleza kwao vitu ni vitatu na huwezi kuvichanganya. Jugo ni juisi yenyewe, chungwa limekamuliwa basi. Licuado ni matunda yamesagwa na maziwa, hiyo unakunywa asubuhi kama chakula. Agua ni maji yaliyotiwa tunda. Unakunywa na mlo, unashushia chakula, unakunywa glasi tatu na tumbo bado lina nafasi. Kwenye vile vihoteli vidogo vya Mexico vinavyopika chakula cha mchana cha bei moja, supu, wali, mboga kuu, mara nyingi kinywaji kimo humo humo kwenye bei, wanaita agua del día, maji ya leo, unaletewa walichotengeneza siku hiyo kutokana na tunda lililojaa sokoni. Na mitaani wanaweka kwenye mitungi mikubwa ya kioo yenye mdomo mpana imepangwa kwa rangi, wanateka kwa upawa. Sasa kinywaji kizito kama mtindi unakishushiaje chakula chenye pilipili? Haiwezekani, utashiba kabla ya wali.

Sasa tikiti, maana ndo rahisi kuliko zote na ndo linaloharibiwa kuliko yote. Chukua vikombe vitano vya tikiti lililokatwa, toa mbegu nyeusi (zile nyeupe laini acha), weka kwenye blenda na kikombe kimoja cha maji, saga sekunde chache tu, ukisaga sana inajaa povu. Chuja kwa chujio la kawaida, siyo kitambaa, maana kitambaa kinakausha mpaka roho ya tunda. Halafu ongeza maji mengine vikombe viwili, kamulia ndimu moja, tia chumvi punje kidogo kabisa, koroga, ONJA. Hapo ndo uamue habari ya sukari. Tikiti la msimu lililoiva vizuri halihitaji hata kijiko, na mimi naona watu wengi wanatia sukari kwa mazoea kabla hawajaonja, hapo ndo wanapokosea. Kama tikiti lako limepooza weka vijiko viwili, basi. Weka friji masaa mawili. Barafu weka kwenye glasi, usiweke kwenye jagi, likiyeyuka mle linapoozesha kila kitu na wa mwisho kunywa anapata maji yenye kumbukumbu ya tikiti.

Na nimesema ndimu, sijasema limao. Wameksiko wakisema limón wanamaanisha ile ndogo ya kijani, ndimu yetu, nimeona watu wanasoma neno hilo wanakwenda kutafuta limao kubwa la njano, ladha inakuwa nyingine kabisa. Bahati nzuri ndimu kwetu zimejaa.

Maji yenyewe nayo, kama uko sehemu ambayo ya bomba hamyaamini basi yachemshe usiku, yapoe, ndo utengenezee, na barafu pia igandishwe kwa maji hayo hayo. Mexico kwenyewe nyumba nyingi zinanunua dumu la lita 20 la maji ya kunywa na hayo ndo wanayotumia. Hiki kinywaji hakipikwi, ulichotia ndo unachokunywa.

Nanasi fuata njia ile ile ya tikiti. Tango pia, na tango na ndimu kwa kweli ndo napenda kuliko zote mchana wa jua kali, tango mbili na ganda lake lililooshwa vizuri, lita moja na nusu ya maji, ndimu tatu zilizokamuliwa, sukari kidogo, saga, chuja, kunywa siku hiyo hiyo maana kesho yake inakuwa na harufu ya majani. Wengine wanatia mbegu za chia kwenye maji ya ndimu, unaziacha kama nusu saa zivimbe, mtu wa Mombasa au Unguja akiona atazikumbuka zile mbegu za kwenye faluda. Chia ni ya kwao Wameksiko tangu enzi za Waazteki, kabla Mhispania hajafika.

Ukwaju sina haja ya kuwafundisha watu wa Pwani, mnajua kuuvuruga kwa mkono mpaka nyama iachane na kokwa. Tofauti ninayoiona ni moja tu, sisi tunapenda kuufanya uwe mzito, tunatia iliki, tangawizi, wengine pilipili manga, na mwezi wa Ramadhani hiyo ni nzuri mno sitaki kuigusa. Wao wanaacha ukwaju peke yake. Robo kilo kwa lita mbili za maji, sukari, baridi. Jaribuni mara moja hivyo mtupu mtaona unavyokata kiu.

Sasa hili la sukari linaniuma kwa sababu nyingine. Mexico ni moja ya nchi zinazokunywa soda nyingi sana duniani, kisukari kimewaumiza, mpaka serikali ikaweka kodi ya peso moja kwa kila lita ya vinywaji vya sukari kuanzia Januari 2014. Wana hivi vinywaji vizuri vya bibi zao na bado soda iliingia mpaka vijijini. Na mi nikiangalia sherehe zetu, huku na nyumbani, kipaimara, send-off, arobaini, kreti za soda zimepangwa mpaka darini, pembeni juisi za boksi, naona tunaelekea kule kule wakati maembe yanaoza chini ya mti. Halafu kuna zile pakiti za unga, "ladha ya tamarindo", "ladha ya jamaica", zinauzwa hapa kila duka na nasikia watu wanazisifia. Zile ni rangi na sukari, ukwaju haujapita hata karibu yake.

Kitu kingine alichonisimulia yule mama ni hiki, kwao mji wa Oaxaca, Ijumaa ya nne ya Kwaresima kuna siku ya Msamaria, wanakumbuka yule mwanamke aliyeombwa maji na Yesu kisimani. Siku hiyo makanisa, shule, maduka, watu wa kawaida tu milangoni kwao, wanatoa agua fresca bure kwa yeyote anayepita. Unatembea mjini na kikombe chako unajaziwa, horchata hapa, jamaica kule, tamarindo mtaa wa pili. Mimi nilimuuliza mara mbili kama ni bure kweli. Bure. Mwaka huu siku hiyo ilipofika nilibeba dumu mbili kazini, moja ya ukwaju na moja ya tikiti, nikamwambia leo na mimi nagawa, akacheka akanikumbatia, na ile ya tikiti alipoionja hakusema neno jugo.

Horchata ni ya mchele, kikombe kimoja kinalowekwa usiku kucha na kijiti cha mdalasini, asubuhi unasaga, unachuja vizuri sana hata mara mbili, unaongeza maji na sukari, ukipenda maziwa kidogo. Yenyewe inatakiwa kukorogwa kila unapomimina maana mchele unashuka chini.

Na choya, yaani jamaica. Kikombe kimoja cha maua makavu, suuza haraka yatoke vumbi, chemsha kwenye lita moja ya maji dakika tano tu, zima moto, funika, acha nusu saa. Chuja, tia sukari ikiwa bado ya moto ili iyeyuke, mimi natia theluthi ya kikombe, halafu ongeza lita nyingine ya maji baridi. Angalia nguo nyeupe, doa lake halitoki. Na yale maua yaliyobaki kwenye chujio usiyatupe, Wameksiko wanayala. Yakamue, yakate kate, kaanga na kitunguu, kitunguu saumu na pilipili mbichi na chumvi mpaka yakauke kidogo, yanakuwa na uchachu fulani na yanatafunika kama nyama, wao wanafungia kwenye tortilla, mimi nafungia kwenye chapati ya jana.