Saini 757: Obama, Alice Palmer na kiti cha Eneo la 13

Mgombea akienguliwa kwa kasoro za fomu, hakosekani mtu wa kusema kwamba hata Barack Obama aliingia kwenye siasa kwa njia hiyohiyo. Hakosekani pia wa kumjibu kwamba huo ni uzushi wa mahasimu wake. Si uzushi, ni kweli. Mwaka 1996 Obama alipata tiketi ya chama cha Democratic ya kugombea useneta wa jimbo la Illinois akiwa peke yake kwenye karatasi ya kura za mchujo. Wenzake wanne waliorudisha fomu walikuwa wameshaondoka, baada ya kambi yake kuwawekea pingamizi mmoja baada ya mwingine.

Mjadala ukifika hapo, wote humgeukia Obama: alikuwa mjanja au alikuwa mwadilifu? Wachache huuliza habari za mama aliyekuwa amekalia kiti hicho, Alice Palmer. Akitajwa, hutajwa kama mtu aliyevunja ahadi kisha akashindwa hata kukusanya saini za wapiga kura wa kumdhamini. Nimeifuatilia habari hii kwa muda mrefu na naona hapo anaonewa, na wanaonewa pamoja naye watu wa kusini mwa Chicago waliotaka jina lake liwe kwenye karatasi.

Palmer alikuwa mtu wa elimu. Aliteuliwa mwaka 1991 kujaza nafasi ya Richard Newhouse, akalitumikia Eneo la 13 la Seneti ya Illinois, lililokuwa na Hyde Park yenye chuo kikuu, South Shore kando ya ziwa, na mitaa ya kimaskini upande wa magharibi. Pale Republican hana nafasi, kwa hiyo mchujo wa Democratic ndio uchaguzi wenyewe. Mwaka 1995 mbunge wa Kongresi wa upande huo, Mel Reynolds, alitiwa hatiani kwa makosa ya ngono na kujiuzulu. Palmer akaamua kuwania nafasi hiyo, na tarehe 19 Septemba 1995, katika hoteli moja ya Hyde Park, akasimama mbele ya watu na kumtambulisha kijana wa miaka 34, mwanasheria na mwalimu wa chuo, kama mtu wa kumrithi Springfield, makao makuu ya jimbo. Kijana huyo alikuwa Obama.

Tarehe 28 Novemba mambo yakaharibika. Katika mchujo wa kiti cha Kongresi Palmer alishika nafasi ya tatu, nyuma ya Jesse Jackson Jr. na Emil Jones. Wafuasi wake wakamtaka arudi kutetea kiti chake, na baadhi ya wazee wa siasa wa upande ule wakamwomba Obama ampishe mama, yeye bado kijana, zamu yake itakuja. Obama akakataa.

Kukataa kwake kuna msingi. Alikuwa ametangaza nia hadharani, ameomba watu fedha, ameomba watu muda wao, na Palmer mwenyewe ndiye aliyemshika mkono. Ahadi ni deni. Kwa nini mtu aliyejenga timu kwa miezi aivunje kwa sababu aliyemwachia njia ameshindwa kwingine? Siku ya kwanza ya kurudisha fomu, 11 Desemba, alipeleka saini zaidi ya 3,000, wakati sheria ilidai 757 tu. Na saini si jambo la kupuuza katika jiji kama Chicago, ambako historia ya kura za marehemu na majina ya kubuni ni ndefu. Aliyekuja na saini halali hakumwonea aliyekuja na mbovu.

Hoja hiyo ni nzito na siibezi. Lakini hesabu ya zile saini inasema zaidi ya hapo.

Kati ya kushindwa kwa Palmer na mwisho wa kurudisha fomu, 18 Desemba, zilikuwa siku 20. Katika siku hizo ilibidi aamue kurudi, atafute watu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba katika baridi ya Desemba, na kukusanya saini. Alirudisha 1,580, zaidi ya maradufu ya zilizohitajika. Tarehe 2 Januari 1996, watu wa Obama waliketi katika chumba cha tume ya uchaguzi ya jiji, makaratasi ya wapinzani wao mezani na daftari la wapiga kura pembeni, wakaanza kupitia jina hadi jina. Huyu anwani yake iko nje ya mpaka wa eneo. Huyu hayumo daftarini. Huyu hakutia saini, ameandika jina lake kwa herufi za kuchapa. Walipomaliza, karibu theluthi mbili ya majina ya Palmer yalikuwa na dosari, naye amepungukiwa na takriban 200. Tarehe 17 Januari akajiondoa.

Aliyeandika jina lake kwa herufi za kuchapa ni nani hasa? Si mzimu. Ni mtu aliyefungua mlango, akashika kalamu, akaandika jina lake ili lisomeke. Kama ni mkazi na yumo daftarini, kosa lake ni mwandiko. Sheria iliruhusu watu wa namna hiyo kula kiapo cha maandishi kwamba jina ni lao, na Palmer alieleza kuwa alikuwa akivitafuta viapo hivyo muda ukamtupa mkono. Siwezi kuwaweka watu hao fungu moja na majina ya kughushi, na wanaosema Palmer "alileta saini feki" wanawaweka humo kila siku.

Halafu kuna namba ambayo watetezi wa Obama huiruka: 15,871. Hao ndio wapiga kura waliofutwa katika Eneo la 13 peke yake, katika zoezi la kawaida la kusafisha daftari lililokuwa limemalizika muda mfupi tu kabla ya pingamizi. Wengi bila shaka walistahili kufutwa, kwa kuwa walikufa au walihama. Lakini fikiria mkusanyaji saini anayetumia orodha ya zamani, akimkuta mwenye nyumba yumo, akimwandikisha kwa nia njema, kumbe jina limeshaondolewa kwenye orodha mpya. Mgombea mwingine, Marc Ewell, alipungukiwa na saini 86 na akaenda mahakama ya shirikisho akilalamikia jambo hilohilo, lakini haikumrudisha kwenye karatasi. Gha-is Askia alipungukiwa na 69. Sitini na tisa ni watu wa jengo moja la ghorofa.

Nasema haya bila kuwapa nguvu wale wanaomtumia Obama kuhalalisha yanayofanyika kwetu. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania mwaka 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, wengine wakilalamika kwamba ofisi zilifungwa walipokwenda kurudisha fomu, vyama vikajitoa, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Chicago kila upande uliziona karatasi za mwenzake, daftari lilikuwa wazi, kila jina lilihojiwa kwa sababu inayotajwa, na aliyeweka pingamizi hakuwa na serikali mgongoni. Palmer ndiye aliyekuwa seneta, Obama ndiye aliyekuwa mgeni. Kuyafananisha mambo haya mawili ni kuwakosea walioenguliwa huku. Ila utaratibu ukiwa wazi bado unaweza kumnyima mwananchi chaguo, na hilo ndilo lililotokea.

Mwaka 2007, akiwa tayari anawania urais, Obama aliulizwa na gazeti la Chicago Tribune kama wakazi wa eneo lile walitendewa vema kwa kuachiwa jina moja. Alijibu kwamba mwishowe walipata seneta mzuri sana. Ni kweli alikuwa seneta mzuri. Sheria ya mwaka 2003 ya kurekodi kwa video mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji ilipita kwa juhudi zake, na imewalinda watu wengi. Lakini swali lilihusu nani alikuwa na haki ya kusema kwamba yeye ndiye mzuri, na jibu lake halikuligusa.

Novemba 1996 alipata asilimia 82 dhidi ya wagombea wawili dhaifu. Mwaka 1998 akapata 89 dhidi ya Yesse Yehudah wa Republican. Mwaka 2002 hakuwa na mpinzani kabisa. Mara moja tu katika miaka hiyo watu wa kusini mwa Chicago waliwekewa Obama na mtu wa uzito wake kwenye karatasi moja. Ilikuwa mchujo wa Machi 2000, alipotaka kiti cha Kongresi cha Bobby Rush. Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Kulikuwa na sababu: Rush alikuwa amempoteza mwanawe kwa risasi miezi michache kabla, Bill Clinton alimpigia debe, na Obama alikuwa mapumzikoni Hawaii wakati Bunge la jimbo likipigia kura muswada wa silaha. Hata hivyo ni watu walewale wa kusini, na walimkataa kwa mbili dhidi ya moja.

Kwangu hilo ndilo tokeo kubwa la Januari 1996. Kama angepambana na Palmer uso kwa uso, huenda angeshinda, kwa sababu alikuwa na timu nzuri na hoja ya ahadi iliyovunjwa. Huenda pia angeshindwa. Kwa vyovyote angelazimika kuwasikiliza watu wa South Shore na Englewood wakimwambia usoni wanachomfikiria, miaka minne kabla Rush hajamfundisha somo hilo kwa gharama kubwa. Badala yake, msaada uliofuata nao haukutoka kwa mpiga kura. Mwaka 2001 Democratic walishinda bahati nasibu ya kuamua chama kipi kichore mipaka mipya ya maeneo ya Illinois, na Eneo la 13 jipya likavutwa kaskazini kando ya ziwa hadi mitaa ya matajiri katikati ya jiji. Wakazi hao wapya ndio aliohitaji kwa safari ya 2004, aliposhinda mchujo wa Seneti ya Marekani kwa asilimia 53 na uchaguzi mkuu kwa 70.

Marekebisho yanayohitajika ni madogo na hayamnyimi mtu yeyote haki ya kuweka pingamizi. Saini ikikataliwa kwa mwandiko, mwenyewe apewe siku kadhaa za kuja kuithibitisha. Daftari likisafishwa, lisitumike kuwakata watu katika msimu uleule wa fomu. Kwa kanuni mbili hizo majina ya uongo ya Chicago yangekufa vilevile, na Palmer pengine angebaki kwenye karatasi.

Palmer hakurudi tena Springfield kama seneta, na mwaka 2008 alimuunga mkono Hillary Clinton. Obama alipoondoka kwenda Washington mwishoni mwa 2004, kiti chake kilijazwa kwa uteuzi na Kwame Raoul. Kwa hiyo Palmer, Obama na Raoul, watu watatu waliofuatana katika kiti hicho, wote walikikalia kwa mara ya kwanza bila wapiga kura wa Eneo la 13 kuwachagua katika mchujo wenye jina zaidi ya moja.