Mbuzi Mwenye Kisigino cha Chuma

Nina bunduki kadhaa za kijeshi zilizostaafu, zote nimezinunua huku Texas kwa fomu na vibali vyake, ila kuna moja ambayo mama watoto ameipa jina la mke mwenza. Haina makosa yoyote, maskini. Inapendwa tu.

Ni Lee-Enfield Namba 4, ya risasi za .303, iliyotengenezwa na kampuni ya Savage kule Chicopee Falls, Massachusetts, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ukiichunguza utakuta herufi S ndani ya kiboksi, halafu maneno U.S. PROPERTY. Hapo ndipo nilipoipendea. Mwaka 1941 Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, Mwingereza naye hela zinamwishia, basi Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaazima marafiki silaha. Cha kuazimwa lazima kijulikane ni cha nani. Kwa hiyo bunduki ya Mwingereza, iliyochorwa na Mwingereza, ya kutumiwa na askari wa Mwingereza, ikagongwa muhuri kwamba ni mali ya Marekani.

Sasa mchukue babu yangu mzaa baba, mtu wa Rungwe, mkulima wa ndizi na maharage. Mwaka 1944 yuko Burma na Keya wenzake, yaani askari wa King's African Rifles, wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye kichwa cha kifaru begani, wanashuka bonde la Kabaw kwenye mvua isiyojua kukatika, matope yanameza magari, malaria inachagua wa kesho, mpaka wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Anapigana na Mjapani kwa niaba ya mfalme wa London, mkononi kashika Lee-Enfield. Kama ilikuwa ya Savage, basi na silaha nayo ni ya kuazima. Hata ugomvi haukuwa wake!

Vita vilipokwisha bunduki aliirudisha, lakini mikono ilikataa kustaafu. Jioni alitupanga wajukuu uani, akachukua mpini wa jembe, akatufundisha kujaza risasi kwa magunzi ya mahindi: tano, sukuma kwa dole gumba, tano tena, sukuma, kumi, funga. Ukihesabu vibaya unarudi mwisho wa mstari. Bibi alikuwa akipita na ndoo anasema, "Jembe linasubiri, Keya." Babu hamsikii. Kwa hiyo siku nilipoikuta bunduki hii dukani, dole gumba langu lilijua kazi kabla sijasoma bei.

Tatizo lilikuwa kosmolini. Asiyeijua ashukuru. Ni grisi ya kahawia ambayo majeshi yalipaka silaha kabla ya kuziweka ghalani, na inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Kwenye chuma unaifuta ikaisha. Kwenye mbao imekwenda ndani kuishi, kila ukiipasha joto inatoka jasho. Wapo wanaopiga msasa mbao za zamani ili zing'ae. Hao mimi siwasalimii. Njia ya kistaarabu ni kufunga mbao kwa karatasi za kufutia, kuziweka kwenye mfuko mweusi, na kuuacha mfuko ndani ya gari juani. Mwezi wa saba Houston, gari lililofungwa vioo halihitaji kuelezwa nini cha kufanya.

Mbao za Lee-Enfield hazijaungana. Kitako kiko peke yake, ubao wa mbele peke yake. Vyuma nikavifungia kabatini, kitako nikakifunga karatasi. Ndipo mama watoto akatoa amri: "Baba Neema, tone moja la hiyo kinyaa kwenye kiti changu, utalala na huyo mwenzangu." Nikaongeza foili ya jikoni juu, tabaka juu ya tabaka. Likatoka furushi zuri, nene upande mmoja, jembamba upande wa pili.

Jumamosi hiyohiyo shemeji yangu alikuwa anafanya sherehe ya binti yake kuhitimu chuo. Kazi yetu ilikuwa mapaja ya mbuzi. Mama watoto aliyalaza usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na vitunguu saumu, asubuhi akayafunga foili moja moja, akayapanga kwenye deli la barafu. Tukapakia deli kwenye buti. Kitako kikabaki kiti cha nyuma kikiota jua lake.

Tulipofika, shemeji akamwambia kijana wake, "Leta nyama zote garini kwa Mjomba." Kijana amezaliwa huku, lakini neno "zote" analielewa sana.

Aliyekuwa kwenye jiko la mkaa ni mzee mmoja wa Arusha, na mtu wa Arusha kwenye choma huwa hashauriwi. Akapanga mafurushi motoni. Furushi moja akalipapasa, akatikisa kichwa, akasema hili kavu, limenyimwa viungo. Akalipasua kidogo kwa juu, akamimina ndimu na vitunguu saumu vilivyobaki kwenye bakuli, akalifunga tena kwa upendo.

Moshi ulianza mwembamba, ukageuka wa rangi ya maziwa, halafu harufu ikafika kwenye viti vya wazee. Ilikuwa kiwi ya viatu, dizeli na kitunguu saumu kwa mpigo. Shangazi wa mke wangu akajifunika khanga puani.

"Huyu mbuzi alikuwa analishwa gereji?"

Mzee wa Arusha akachoma kisu apime kama limeiva. Kisu kikagoma. Akachoma pengine, kikagoma. Akachana foili yote, na pale kikalala kitako changu, kinachemka povu la kahawia, kipande cha tangawizi kimeganda mgongoni. Akakigeuza kwa koleo. Akaliona bamba la chuma la kisiginoni, lenye kimlango chake kidogo.

"Mbuzi gani," akauliza taratibu, "amepigwa kiatu?"

Hakuna aliyetaja jina langu. Walinigeukia tu wote, pamoja na watoto.

Mapaja halisi yalikuwa yamepakana nacho muda wote, yakavuta moshi ule. Mama mkwe, kwa kulinda heshima ya binti yake, alitafuna kipande kimoja, akameza, akaomba maji, akaomba tena. Wengine waliagiziwa kuku wa dukani.

Kitako nilikiokoa. Moto ulitoa grisi yote ambayo jua lingetoa kwa wiki nzima, na ukaacha doa jeusi la vyuma vya jiko upande wa shavu. Nimekipaka mafuta ya kitani kama jeshi lilivyokuwa likifanya, doa sijaligusa. S ya Savage ina mahali pake, mali ya Marekani ina mahali pake, na ukoo wetu sasa una mistari yake mitatu.

Mwezi uliopita niliipeleka uwanja wa shabaha. Nikapiga kumi, nikajaza tano na tano, nikapiga tena mpaka mbao zikapata moto. Mzee wa Kimarekani wa meza ya jirani akavua vizibo vya masikio, akanusa, akanusa tena, akanisogelea kwa adabu kuniuliza kama chakula kinauzwa au nimekuja nacho.