WHO: kura ziko sawa, hela haziko sawa

Tangu Trump asaini Marekani ijitoe WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, ilikuwa tarehe 20 Januari 2025, watu wanabishana nani kamwonea nani, mi naona tuangalie kwanza hela inaingiaje pale Geneva, makao makuu yake.

Kwenye mkutano wao mkuu kila nchi ina kura moja, Burundi ilikuwa sawa na Marekani, na kura hizo zinafanya kazi kweli, 2017 kwenye kugombea ukurugenzi mkuu wa WHO Tedros wa Ethiopia alimbwaga Muingereza David Nabarro 133 kwa 50. Ila kura haiweki mafuta kwenye gari la chanjo. Kwa miaka mingi ada za lazima zinazolipwa na kila nchi mwanachama hazikufika hata robo ya bajeti, kilichobaki ni michango ya hiari na mingi inakuja imeshapangiwa kazi, hii ya polio hii ya malaria, huwezi kuihamisha hata kama zahanati yako imejaa watu wa presha na kisukari. Gates Foundation, taasisi ya tajiri Bill Gates, haina kura hata moja lakini inachangia kuliko serikali nyingi tu. Hapo hakuna aliyehongwa, fungu likishagawanywa hivyo ajenda nayo ndo imeshapita.

Lakini tusikimbilie kuwatukana wafadhili jamani. Hela hiyo hiyo yenye masharti ndo ilifanya Afrika itangazwe haina virusi vya asili vya polio Agosti 2020, na Ebola ilipoingia Lagos 2014 watu wa polio ndo walihamishiwa huko wakasaidia kuizima. Halafu anayetoa kodi za wananchi wake ana haki ya kuuliza zimeenda wapi. Hata lalamiko la Marekani kwamba China yenye watu bilioni 1.4 ilikuwa inatoa kidogo mno, lina ukweli, ila kuondoka kwako kunamwachia nafasi huyo huyo unayemlalamikia, Mei 2025 China ikaahidi dola milioni 500 kwa miaka 5.

Mi niko upande wa kupandisha ada, tena na sisi tulipe bila kusukumwa. Nchi maskini kabisa inatozwa asilimia 0.001 ya ada zote wakati Marekani ilikuwa 22, na wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Mei 2025 wanachama walikubali kuongeza ada kwa asilimia 20, nawapongeza kwa hilo, lakini bajeti ya 2026-27 ilishashuka mpaka dola bilioni 4.2 toka 5.3 iliyopendekezwa mwanzo, na humo ndani bado kuna mabilioni ya hiari yanayokuja na masharti yake kabla waziri wetu hajapanda ndege kwenda kupiga hiyo kura.